Viti vya Nyeri Ndani ya Masanduku ya Uingereza

Naro Moru, 2 Agosti 1972

Bi Waridi mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kosa langu lenyewe, yaani kiti, na ni kiti kizuri sana, na hiyo ndiyo shida. Naomba unisaidie kabla ya tarehe ishirini na tano mwezi huu, na naomba jina langu lisitokee gazetini.

Mimi ni mwandishi wa kikundi cha akina mama kumi na watatu hapa Naro Moru. Tulianza kwa kuezekeana mabati, mwezi huu nyumba ya huyu, mwezi ujao ya yule, na nyumba zilipokwisha tukajikuta hatutaki kuachana, kwa hiyo mwaka wa sitini na tisa, Mzungu mmoja alipouza nyumba yake ya wageni ili arudi kwao, tukainunua sisi, na mpaka leo kuna asubuhi naamka nikidhani niliota tu. Ni nyumba ya mawe, ina vyumba kumi na kibaraza kinachotazama mlima, na wageni wetu ni watu wanaopanda au wanaoteremka, na asubuhi ukungu huingia mpaka kibarazani ukakaa pamoja nao, na mimi hupenda kusimama hapo na kikombe cha chai nisifikirie chochote.

Viti alivyoacha Mzungu vilikuwa vimechakaa, lakini alituachia pia kitabu cha picha cha kiwanda kimoja cha Uingereza. Kabura, mwenyekiti wetu, alikiweka mezani tukakipitia ukurasa kwa ukurasa polepole, maana viti vyenyewe vilikuwa vimepigwa picha kando ya madirisha marefu yenye mwanga, na kila mmoja wetu alikuwa ameshaingia ndani ya ile picha akakaa. Kabura akasema, "Hii nyumba ilikuwa ya Mzungu na wageni ni Wazungu. Tukiweka viti ya hapa watasema ati tumeshindwa." Tukainua mikono, na mimi nikaandika barua ya kuagiza viti sita vya kwanza.

Bi Waridi, kwa miezi minane nilikuwa naviona hivyo viti. Nikikamua ng'ombe naviona, nikiwa kanisani naviona, vimepangwa juu ya meli vikitazama maji, bila mtu hata mmoja juu yake, na najua viti husafiri ndani ya masanduku lakini mimi niliviona hivyo. Vilifika kwa treni mpaka stesheni yetu na kwa siku moja tulifurahi sana. Halafu tukavikalia. Sakafu ya kibaraza ni ya mawe ya mto na imeinama kidogo, kwa hiyo vilicheza, na akina mama wafupi miguu yao haikufika chini, na Januari ilipokuja na ile baridi yake kavu viungo vikaachia, mguu wa kimoja ukang'oka mgeni akiwa juu yake na supu mkononi. Niliandika Uingereza kuomba mguu. Jibu lilichukua miezi miwili, likasema aina ile hawaitengenezi tena, na ndani ya bahasha wakaweka picha ya aina mpya.

Hata hivyo kikundi kikakubaliana tuagize vingine kumi na viwili, vya hiyo aina mpya, na barua nikaachiwa mimi. Nikaenda nayo Nyeri kuiposti. Ilikuwa mkobani, stempu imeshabandikwa, nikapitia mtaa wa Majengo kumwona mtu, na hapo njiani nikasikia harufu ya muthaiti, ile mbao ya msitu wetu inayonukia kama kafuri, nikaifuata bila kujua naenda wapi, mpaka nikajikuta nimesimama kwenye maranda yanayofika kwenye vifundo vya miguu, mbele ya mtu mwenye penseli sikioni. Ni fundi Athman. Nilimwambia nataka viti. Hakuniuliza vya aina gani. Aliniuliza, "Nani atakaa, mama?" Nikamwambia ni watu waliotoka mlimani. Akasema, "Basi nitakuja niwaone wakikaa."

Alikuja Jumanne. Wenzangu niliwaambia ni fundi wa kutazama kile kiti kilichovunjika. Alimwaga kikombe cha maji kibarazani akayafuata kwa macho yalikoelekea, halafu akakaa pembeni akingoja watu wateremke, na walipoteremka akaona jinsi wanavyojitupa, wanavyoteleza mbele na kunyoosha miguu yenye buti nzito, na akampima mmoja wa wapagazi wetu kwa kamba kutoka gotini mpaka chini. Baada ya wiki mbili alikuwa na kiti kimoja. Nilikichukua kwangu nikakaa nacho siku saba, nikimenya viazi, nikifuma, nikikaa tu, nikamrudishia nikimwambia mgongo unanikwaruza hapa, na akakipiga randa nikiwa nimesimama pale pale. Vingine kumi na moja vilikwisha ndani ya wiki tano. Ile barua ya Uingereza bado iko mkobani mwangu.

Sasa kosa. Athman ana desturi yake, chini ya kila kiti huandika kwa penseli ya fundi jina lake, tarehe, na nyumba kinakokwenda. Mimi nilimwomba asiandike. Alinitazama, akairudisha penseli sikioni, akasema, "Sawa. Kiti ni chako, mama." Kisha, alipovileta kwangu, nikatoa ghalani kwangu masanduku sita ya Uingereza yenye mihuri yake, tukavibana viti viwili viwili, nikagongomea misumari kwa mkono wangu, na nikampa mwenye mkokoteni avilete kutokea upande wa stesheni. Wenzangu walipiga vigelegele. Ile picha ya aina mpya hakuna aliyeitafuta, na Kabura alishangaa kidogo tu, akasema, "Siku hizi meli inakimbia." Halafu akakaa, akafumba macho, akasema, "Ona vile mtu ya ng'ambo anajua mgongo ya mtu."

Ningeweza kuishi na hilo. Wageni hulala usingizi mchana kwenye hivyo viti, ukungu ukiwapita, na mimi nikiwatazama nasahau kabisa kwamba kuna uongo hapo. Lakini mwezi uliopita alikuja Bwana Mathenge, anajenga hoteli Kutus, inafunguliwa Krismasi, na alikaa kibarazani kutoka saa nane mpaka jua lilipokuwa linazama, akasema anataka viti sitini kama hivyo na meza zake. Kabura akamwambia, "Mwandishi wetu iko na anwani ya hiyo kampuni." Anarudi tarehe ishirini na tano kuichukua.

Na wiki hiyo hiyo nilipita Majengo nikamkuta Athman anafagia. Karakana ilikuwa ya baba yake, Yakubu, na mwisho wa mwezi huu anauza meza ya kazi aende kupasua magogo kwenye kiwanda cha mbao. Aliniambia bila uchungu, "Natengeneza kitu, kinaenda, na hakuna anayerudi kuuliza nani alikitengeneza." Nikanywa chai yake, Bi Waridi, nikarudi nyumbani. Habari za viti sitini nilirudi nazo.

Nikisema kweli watanifukuza, na hao ndio walioniezekea nyumba mume wangu alipofariki, sina watu wengine. Nikinyamaza, Athman ataondoka. Nimefikiria kumpa Bwana Mathenge anwani ya Uingereza yaishe. Nimefikiria pia kupokea kazi ile mimi mwenyewe, nimpe Athman kwa siri, na masanduku bado ninayo. Usiku nalala vizuri, lakini mchana nikikaa hapa kibarazani naona aibu, na aibu hiyo ina harufu ya muthaiti. Nifanye nini?

Mwandishi wa kikundi


Bi Waridi anajibu

Mwandishi wangu wa Naro Moru,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya ule ukungu. Unajua kuota, dada. Sasa amka kidogo.

Kununua kwa Athman hukukosea hata chembe, na inanishangaza kwamba wewe uliyeona kila kitu kwa macho yako hujui kulieleza jambo lenyewe. Mtu wa Uingereza hakuwahi kuiona sakafu yako. Athman aliimwagia maji. Mgongo wa kiti ulipokukwaruza, wewe ulimwambia mwenye randa naye akapiga randa. Kule ng'ambo ungemwambia nani, na kwa stempu ngapi? Mbao yake ilikaushwa kwenye baridi hii hii yetu, kwa hiyo Januari haitaishangaza. Na mwenye nyumba ya wageni hanunui kiti mara moja akamaliza. Leo ananunua kumi na viwili, mwakani mguu mmoja, mwaka wa tatu vinne vinavyofanana na vya kwanza kwa sababu ameongeza chumba. Fundi aliye Nyeri bado ana kipimo chako. Yule wa mbali amekutumia picha ya aina mpya.

Hayo yote wenzako wangeyaelewa, maana ni wanawake waliojinunulia nyumba ya mawe. Wewe ulikuwa na ushahidi mikononi, ushahidi wa kukalia, ukautia ndani ya sanduku ukaugongomea misumari. Hapo ndipo ninapokugombeza, na sitakubembeleza. Ulimwomba mtu asiandike jina lake kwenye kazi ya mikono yake, akakubali kwa sababu ana adabu, kisha ukanywa chai yake.

Mwenyekiti wako usimchukie. Anaogopa kuambiwa mmeshindwa, na woga huo hakuutunga yeye. Mlipochukua nyumba mlichukua pia na kitabu cha picha. Tena alichosema kuhusu mgongo ni kweli tupu, amekosea mtu tu.

Kuhusu bwana wa Kutus, hebu fikiri. Hoteli inafunguliwa Krismasi na viti vya ng'ambo vinakuchukua miezi minane. Ukimpa ile anwani, wageni wake watakula sikukuu wakiwa wima, na vikifika vitaanza kungoja Januari. Huwezi kumwona mtu akielekea kwenye shimo ulilotoka wewe ukamwonyesha njia ya kulifikia. Na lile wazo la kumpa Athman kazi kwa siri, na masanduku yako, lifute. Utakuwa unagongomea misumari mpaka uzeeni.

Sasa fanya hivi. Nenda Majengo kwanza, kabla hujazungumza na mtu mwingine. Mwombe Athman msamaha, umweleze habari za viti sitini, na umwombe asiuze chochote mpaka tarehe ishirini na tano ipite. Muulize bila haya anaweza vingapi mpaka Krismasi. Kama ni thelathini, aseme thelathini, au atafute fundi mwenzake. Heri bwana yule asikie ukweli mapema. Mwambie aje Naro Moru siku utakayomtajia, na aje na randa na gundi yake, kile kiti kilichovunjika bado kinamngoja.

Kisha waite wenzako kibarazani, wakae kwenye viti vyenyewe, useme kwa Kigikuyu, sentensi moja, bila kulia: hivi viti vilitengenezwa Nyeri na huyu hapa, na mimi niliwadanganya. Halafu nyamaza. Usijitetee, usianze kusimulia harufu. Watakasirika, na waache wakasirike wakiwa wamekaa. Wanaweza kukuvua uandishi, na ikiwa hivyo kabidhi daftari bila kununa, umelistahili hilo. Lakini mabati yako hawatayaezua. Wanawake walioshindwa kuachana nyumba zilipokwisha hawaachani kwa sababu ya viti vizuri.

Bwana wa Kutus akija, usimpe karatasi. Mpeleke Majengo, asimame kwenye maranda, aulizwe nani atakaa.

Najua utasoma haya, utoke kibarazani na chai yako, utazame mlima, na useme kesho. Ndiyo maana nimekupunguzia kesho. Nakala ya jibu hili nimekutumia kwa posta Jumatatu, na gazeti linafika Naro Moru Jumamosi. Katikati hapo ndizo siku zako za kusema kwa mdomo wako mwenyewe.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Mwenyekiti nimempa jina jingine, na bwana wa Kutus vilevile. Mhariri akaniuliza kama na la fundi tulibadilishe. Nikamwambia hilo limefichwa vya kutosha, aliache lilivyo: Athman Yakubu, fundi wa mbao, Majengo, Nyeri.