Kitambaa Chenye Uzi Mwekundu

Kolovai, Tonga, Jumatatu

Mwanangu Sunia,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, mgongo haukuumi sana kwa kuchuma machungwa, na baridi ya huko Australia imekuonea huruma. Baba yako Lisiate anakusalimu, magoti yanamsumbua lakini viazi vikuu amepanda vyote. Bibi yako anakusalimu, hasikii tena, ila kanisani anaimba kuwashinda wote. Shangazi yako Heu anakusalimu kwa mdomo wake ule ule unaoujua. Mdogo wako Tomasi anakusalimu na anasema nguruwe wako amezaa. Shemeji yako Maka, mume wa dada yako, anakusalimu. Dada yako Pelenaise naye anakusalimu, na huyo nitamrudia.

Ningekupigia simu, lakini simu ya nyumba hii ina masikio mengi. Barua hii anakuletea Havea, anayekuja huko kuchuma machungwa kama wewe, naye nimemwambia ni habari za kanisa. Mungu anisamehe na hilo.

Dada yako amejifungua, mwanangu. Mtoto alikuja kabla ya wakati wake, msichana, mdogo kama kifurushi cha majani ya magimbi tunachokiweka tanurini Jumapili. Ni njiti, amewekwa kwenye chumba cha joto, na hana nguvu ya kunyonya. Analishwa kwa mrija. Muuguzi alituambia maziwa ya mama ndiyo dawa yake, yakamuliwe mara kwa mara, la sivyo yatakauka.

Sasa naandika maneno ambayo mama hamwandikii mwanawe wa kiume kuhusu dada yake. Huku kwetu hata kifua cha kuku hatukitaji mkiwa mmekaa pamoja ninyi wawili. Soma ukiwa peke yako, kisha uichome.

Pelenaise alikamua kwa mkono mpaka akalia. Yalikuwa yanatoka matone tu, na huku amevimba na homa juu. Nikaenda mjini kuulizia mashine ya kukamulia. Dukani walinitajia bei nikadhani wananiuzia mashua. Yule binti wa dukani akaniambia, mama, ipo na ya bei kubwa zaidi, ukitaka. Nikamwambia asante mwanangu, hata hii nimeshaitazama vya kutosha.

Nilivyotoka pale moyo wangu ulikuwa hauko sawa, na sababu ndiyo hii ninayoizungukazunguka tangu nianze kuandika.

Unalikumbuka pipa ulilotuma kwa meli. Lilifika kabla Pelenaise hajajifungua. Tukalifungua uani, na shangazi yako Heu akatangulia kuchagua, kama ilivyo haki ya dada wa baba. Akachukua sabuni, akachukua blanketi, kisha akaingiza mkono chini kabisa akatoa kitu kimefungwa kwa kitambaa cha jezi yako ya raga, ule mkono uliochanika nikaushona kwa uzi mwekundu. Akafungua. Wanawake wote wakatazama. Heu akacheka mpaka akakaa chini. Akauliza, wifi, mwanao siku hizi anakamua ng'ombe, au ametuolea kimyakimya huko na mkwe amesahau chombo chake ndani ya pipa? Nikasema ni kitu cha kunyunyizia dawa kabichi. Akajibu kwamba kabichi zangu basi zina bahati, zinanyonyeshwa.

Walicheka wiki nzima. Nikaamini maneno ya Heu, Sunia. Nikaamini una mwanamke huko na mtoto, na mimi mama yako nimekuwa mtu wa mwisho kujua. Sikukuuliza. Nilikificha chini ya mkeka wangu ninaoufunga kiunoni nikakipeleka soko la mitumba, nikabadilishana na sufuria. Na kitambaa chake nikakiacha hapo hapo.

Basi siku ile natoka dukani, nikaingia wodini, nikamkuta Maka. Akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile mashine imefika. Nikamuuliza ipi. Akasema alikuomba wewe tangu mapema, kwa kuwa Pelenaise alitaka kurudi kazini baada ya uzazi, na wewe ukamjibu utaificha chini kabisa ya pipa ili dada yako asiaibike.

Mwanangu, nilimwambia haikufika.

Sijui ulimi wangu ulitoka wapi. Maka akatikisa kichwa akasema watu wakishavuka maji wanakuwa na shati zuri na moyo wa bati. Pelenaise alikuwa amelala kitandani, akasikia. Akasema tu, pengine kaka yangu ana mizigo mingi, mwacheni. Akageukia ukutani.

Asubuhi yake nikarudi sokoni. Mwenye meza alikuwa ameshaiuza kwa Seini wa kijiji cha Vaini, anayepika chakula cha kuuza na ana mtoto mchanga nyumbani. Nikapanda basi nikamtafuta. Nilimwambia shida yangu, sikumwambia mashine ilikuwa ya nani. Hakuniuliza mara mbili. Yeye anaitumia alfajiri kabla ya kazi, mimi naichukua, nairudisha jioni. Muuguzi ametupa vikombe vyetu vya kuvalisha kifuani, na sehemu zinazogusa maziwa nazichemsha kila mara. Nazichemsha katika sufuria ile ile, Sunia.

Maziwa yamerudi. Mtoto anaongezeka, jana alinishika kidole. Dada yako anamwombea Seini kwa jina kila jioni. Anasema kuna wageni wenye huruma kuliko ndugu wa damu, na mimi nakaa hapo nimeshika zawadi yako mapajani, nasema amina.

Seini huifunga kwa kitambaa chako. Kabla sijaingia wodini nakifungua, nakitia chini ya kikapu, kwa sababu Pelenaise alikuwepo nilipokishona na uzi ule ataujua.

Usimwandikie Maka. Aibu hii ni yangu, na kinywa kilichosema haikufika ndicho kitakachosema ilifika. Lakini ninaogopa. Kila asubuhi nakusudia, na nikifika mlangoni mkono wenyewe unafungua kitambaa. Nataka neno lako moja kwanza, hata likiwa kali, nijue bado nina mwana.

Baba yako hajui lolote, anakusalimu tena. Kula vizuri, usikose kanisa. Barua yako mpe mtu yeyote anayerudi Tonga, usingoje meli. Jibu upesi, Sunia. Siku nitakayoipata, kitambaa nitaingia nacho wodini kikiwa bado kimeifunga mashine.

Mimi mama yako,
Kalolaine