Hotuba Iliyoninyoa Masharubu

Jumapili, Bongwe. Asubuhi mvua, mchana jua la kupasua kichwa. Moyo wangu nao hivyo hivyo.

Leo nakiri jambo. Kabla ya uchaguzi niliapa mbele ya mke wangu, Mama Rama, kwamba mgombea wangu akishindwa nitanyoa masharubu. Yeye alikuwa upande wa pili. Sikuona hatari. Siasa naijua, shule niliachia darasa la sita kwa sababu mwalimu hakuwa na jipya la kunifundisha.

Na haya si masharubu ya kuchezea. Nilipokuwa askari wa lango la hoteli kule Diani, nyani aliiba mkate wa mgeni, akageuka, akayaona, akaurudisha mezani mwenyewe. Mashahidi wapo, ila wamerudi kwao Ujerumani.

Mgombea akashindwa.

Nikasema, "Ngoja kwanza, mwenyewe hajakubali." Tangu hapo kila asubuhi naulizwa, "Baba Rama, wembe niutoe?" Najibu nchi bado haijatulia.

Leo mheshimiwa mwenyewe, mgombea wangu, amekuja uwanjani Ukunda kutueleza siasa za nchi. Nikavaa kanzu, nikakaa mbele. Mama Rama alikaa kwa kina mama, akinitazama mimi, si jukwaa. Mheshimiwa akaeleza serikali mpya, Bunge, kazi ya upinzani. Mimi nilingoja neno moja tu: tumeibiwa.

Akasema, "Nimeshindwa. Nimempigia mwenzangu simu, nikampongeza. Rudini nyumbani mkaishi na watu wenu."

Kisha kigelegele kimoja, kirefu. Koo lile nalijua.

Nilikasirika, wallahi. Halafu nikamtazama yule mtu, jasho linamtiririka mbele ya kamera zote, na neno amelitoa bila kisingizio. Mimi langu lilikuwa kwa mtu mmoja, tena mke wangu, na nimelikimbia wiki nzima.

Nilipofika nyumbani nikaweka kigoda uani. "Haya, leta huo wembe."

Amenyoa polepole, kicheko kimemwisha. Alipomaliza akanishika kidevu.

"Alaa! Kumbe bado upo."

"Nani?"

"Yule kijana aliyeletwa kwetu Msambweni kuonwa na baba, kikombe cha chai kinamcheza mkononi."

Sikutetemeka mimi. Kikombe kilikuwa chepesi mno.

Lakini tangu hapo amekuja kunitazama mara tatu, kila mara na kisingizio chake. Sasa najiuliza: niyaache yaote tena, au niendelee kushindwa?