Jina Nyuma ya Maporomoko

Dineke, unakumbuka jirani Geesje alivyouliza, "Maporomoko hayo yako wapi, na nchi yetu tambarare kama sahani?" Ile picha ya maporomoko ya msituni aliyoniachia marehemu mume wangu, inayoning'inia juu ya kochi.

Leo Wouter kaigeuza abandike karatasi yenye jina lake, nikifa aichukue. Mwanangu wa kumzaa!

Akakuta jina la dada yake. "Mama, Hilde kaniwahi!"

Kaniwahi! Nami nimekaa palepale namimina kahawa!

"Mungu hajaniita, mmeshagawana?"

"Ah, Mama, kila nyumba wanabandika."

Bwana anisamehe. Jina la Hilde nikalibandua. La Wouter nikalibandika kwenye koti lake. "Hili ndilo lako, baba."

Dineke, kavaa koti, katoka.