Siku Mzee Ezra Alipofunga

Ganjoni, Mombasa

Kwako Dada Kageha,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto. Ni matumaini yangu barua hii itawakuta wazima, na ule mguu wa shemeji umepata nafuu. Mimi mwili hauniumi. Simu nimeikwepa kwa makusudi, maana haya nikiyasema kwa mdomo nitayapunguza.

Bado niko kwa Mzee Ezra, yule Myahudi ninayemtunza. Baba yake alimleta kutoka Aden akiwa mtoto wa kubebwa, wakafungua duka la vitambaa Mji wa Kale. Wenzao wa dini hiyo waliokuwa hapa walihama, wengine wakafa. Amebaki yeye, miaka themanini na kitu, anakaa ghorofa ya pili na vitabu vyake vinavyosomwa kuanzia kulia.

Wiki iliyopita ilikuwa Siku ya Upatanisho, mfungo wao mkubwa. Haufanani na Kwaresima yetu, ya kujinyima kidogo kidogo kwa siku arubaini. Wao hufunga tangu jua lizame hadi nyota zitoke kesho yake, bila chakula wala tone la maji. Hawaogi, hawavai viatu vya ngozi. Daktari alimkataza kwa sababu ya sukari na presha. Mzee alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, na alipoondoka akaniambia nimpigie pasi shati jeupe na nimtafutie ndara za mpira.

Nilidhani shida itakuwa njaa. Lakini asubuhi ya siku ambayo jioni yake angeanza kufunga aliniita, akasema kuna mtu lazima amwombe radhi kwanza. Alinieleza kwamba mfungo ule humtengeneza mtu na Mungu wake tu. Ukiwa umemkosea binadamu mwenzako, njaa yako haimfai yeyote mpaka uende ukasimame mbele yake umwombe.

Mtu mwenyewe alikuwa mdogo wake, Yakobo, tumbo moja. Ujanani Yakobo alimpenda msichana wa Kibokoni, akasilimu, akamwoa. Ezra alimkalia matanga ndugu yake angali hai, kama walivyofanya watu wao zamani kwa mtu aliyetoka katika dini. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Na Kibokoni, Dada, kutoka hapa ni robo saa kwa tuktuk. Robo saa, na imepita zaidi ya miaka hamsini.

Tulikwenda baada ya adhuhuri. Vichochoro vya kule havipitishi gari, kwa hiyo tulitembea polepole, ameniegemea begani, na wazee waliokaa barazani wakatuelekeza mlango. Aliyetufungulia ni mama mtu mzima, kajitanda leso. Ndiye Bi Zuhura, yule msichana wa zamani. Alimtazama Mzee na kumtambua kabla hajajitaja. Hakututukana wala hakutufungia mlango. Alitukaribisha ndani, akatumiminia kahawa, akatuuliza hali kama wageni wowote. Mzee alipomuuliza Yakobo yuko wapi, aliweka dele la kahawa chini akatwambia wamemzika kabla ya Ramadhani iliyopita.

Mzee alikisogeza kikombe chake kando. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kwa nini hakuitwa. Bi Zuhura akasema marehemu mwenyewe alikataza. Alisema mtu aliyekwisha kumlilia hana haja ya kuja kumzika.

Hapo Mzee Ezra alitaka kupiga magoti. Nilimshika mkono asianguke. Alimwomba yule mama amsamehe yeye, na amsamehe pia kwa niaba ya mumewe. Bi Zuhura akamjibu taratibu:

"La kwangu nimekusamehe, Ezra, tangu zamani. La kwake siwezi. Amekwenda nalo."

Tulirudi. Alikula wali kidogo kabla ya jua kuzama, akavaa lile shati, akaanza.

Kesho yake alasiri midomo ilikuwa imempasuka. Nilimsogezea maji, akageuza uso. Nikamuuliza anafungia nini, kama la Yakobo haliwezi tena kufutika. Akasema yaliyo baina yake na Mungu bado yapo, na hayo ndiyo anayoyafungia. La Yakobo hana pa kulipeleka. Kisha akaniuliza kama na sisi tunafunga. Nikamweleza Kwaresima, majivu, na Ijumaa Kuu. Nikamwambia mwaka huu niliifunga yote kwa ajili ya Mama alipokuwa mgonjwa, nikaweka nadhiri nisitoke Mombasa hadi Pasaka.

Akaniangalia. "Mimi nilikupa ruhusa uende kwa mama yako. Mbona hukwenda?"

Nilikwenda jikoni nikasimama tu pale.

Jibu nakupa wewe, maana wewe ndiye unayelidai. Niliogopa, Kageha. Uliponiambia Mama amekonda hadi pete imemtoka kidoleni, nilihisi siwezi kuuona mkono ule. Nikatafuta mahali pa kujificha, nikajificha kanisani. Njaa ilikuwa ya kweli, nilifunga kweli, siku nyingine nikaona kizunguzungu kwenye ngazi. Lakini kila uliponipigia simu ukilia, nikakujibu kwamba nafunga na kuomba, nilikuwa nakufungia mlango kwa jina la Mungu. Wewe ulimgeuza, ulimwosha, ulimlisha kwa kijiko, peke yako. Nami nilikuja siku ya mazishi nikalia kwa sauti kuliko wewe, na siku ya pili nikapanda basi.

Jioni nyota zilipotoka nilimpa Mzee maji na mkate. Alitafuna, machozi yakimchirizika kwenye ndevu. Tangu siku ile hatoki chumbani ila nimshike mkono.

La Mama amekwenda nalo. Lako ungali nalo. Naomba unisamehe. Sikuombi kwa barua tu: binti ya jirani atakaa na Mzee wiki moja, na Jumamosi nitashuka hapo kwenu Mbale. Nitasimama uani kwako. Utakalosema nitalisikia, hata kama ni kuniambia nirudi nilikotoka.

Msalimie sana shemeji, na watoto wote. Msalimie mjomba aliyetuchimbia kaburi, na katekista. Na Shangazi mpe salamu za pekee, yeye aliyemshika Mama kichwa siku alipokata roho, mahali ambapo ningekuwa mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Ayuma