Tarehe ya Jumatatu

Ijumaa, 3 Oktoba

Zilizoingia masjala ya Jumuiya: barua kumi na nne. Zilizotoka: sita. Saa tisa nikapiga mstari mwekundu kwenye rejista na kusogeza tarehe ya mhuri iwe ya Jumatatu, kama kila Ijumaa. Sipendi kuianza wiki nikihangaika na vigurudumu.

Saa tisa na dakika arobaini akaingia dereva wa ubalozi wa nchi jirani, anahema. Majibu ya serikali yao kwa dodoso la Sera ya Ujirani. Siku ya mwisho ni leo! Nikamtania kwamba nchi yao hungoja mlango uanze kufungwa. Akanijibu kwamba sisi wa Jumuiya tunapenda karatasi kuliko watu. Tukacheka. Nikagonga mhuri, akaondoka.

Ndipo nikaona. 6 Oktoba. Wino mbichi.

Kusahihisha mhuri kunataka sahihi ya Mkurugenzi, naye ameshaondoka. Miaka kumi na moja sijampelekea kosa hata moja. Nitamwambia Jumatatu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefika saa moja na nusu. Mkurugenzi kanitangulia – faili mkononi, uso unang'aa. Wamechelewa, anasema, na mhuri wetu ndio shahidi! Nchi mbili wanachama wa Jumuiya zinatafuta tangu mwaka jana sababu ya kuwatoa majirani hawa kwenye mpango wa Ujirani. Akanipiga bega: karani makini.

Nikafungua mdomo. Nikasema asante.

Asante!

Alhamisi, 9 Oktoba

Baraza la Mawaziri limeketi dakika ishirini. Nchi jirani imesimamishwa. Kadi za ujirani – zile zinazowavusha watu wa mpakani bila viza – mwisho Jumapili.

Mdogo wangu ameolewa ng'ambo ya mpaka. Binti yake huvuka kila asubuhi kuja shule upande huu. Mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi unaanza Jumatano. Na kadi hairuhusu mtu kulala upande huu, kwa hiyo siwezi kumleta kwangu mapema akangoja mtihani. Kanuni hiyo niliichapa mimi, kwa vidole hivi hivi.



Jumamosi, 11 Oktoba

Mdogo wangu kapiga simu. Anaisema vibaya serikali ya kwa mumewe. Watu wazima na suti zao wanashindwa kupeleka bahasha, kaka! Shemeji akadakia kwa nyuma: dereva lazima alipitia kwa mchepuko. Wakacheka. Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Kisha mpwa wangu akachukua simu. Mjomba, wewe si unafanya kazi hukohuko? Waambie mimi nina namba ya mtihani tayari. Akanisomea tarakimu zote, polepole, kama anayemsomea mtoto. Nikaziandika. Sijui kwa nini.

Mama yake aliporudi kwenye simu nikamwambia ukweli. Wote. Akasema kwa sauti ya chini: usimwambie mtu, kaka. Unga ukimwagika huko kazini, nani atamtunza mama? Mtoto atarudia mwaka, basi.

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 13 Oktoba

Wamemrudisha mpwa wangu kwenye geti la mpakani. Sare kavaa, begi mgongoni. Askari kamwambia mwakani, binti.

Nimeandika barua ya kukiri, nusu ukurasa. Nimeichana. Nimeandika nyingine, fupi zaidi. Iko mfukoni. Mkurugenzi kapita mezani kwangu mara tatu. Mara tatu nimemwamkia.

Jumanne, 14 Oktoba

Saa nne asubuhi. Naandika nikiwa chooni, daftari gotini.

Ubalozi umelalamika. Wameleta kitabu cha dereva cha kukabidhi barua. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilitia sahihi humo, katikati ya utani ule. Ijumaa, 3 Oktoba, saa 9.40. Mwandiko wangu. Hata nukta ni yangu.

Mkurugenzi kafunga mlango. Baraza likirudi nyuma sasa, anasema, Jumuiya nzima itaonekana ya kihuni. Sema sahihi si yako, mambo yaishe. Dereva kaighushi, atajuana na ubalozi wake.

Nikajikaza. Nikasema, mheshimiwa, ni mimi niliyekosea tarehe ya mhuri.

Hakuinua uso. Sijakusikia, akasema. Nenda kanawe uso, urudi useme vizuri. Dakika tano.



Dereva yuko kwenye benchi la korido, nyuma ya ukuta huu. Namsikia akipiga soga na mlinzi. Ati hana wasiwasi hata kidogo, leo chakula cha mchana anakula kwake. Si aliyeitwa ni yule karani wa mistari? Yule hata akipiga chafya anaandika saa! Mlinzi anacheka mpaka anakohoa.

Katibu Mkuu wa Jumuiya yupo ofisini leo. Kosa likithibitika ni la masjala, kwa sahihi yake moja kadi zinarudi kufanya kazi mchana huu huu. Mtihani ni kesho saa mbili. Ukitoka hapa, mlango wa Mkurugenzi uko kushoto, hatua nne. Ngazi za kwenda kwa Katibu Mkuu ziko kulia, na kuzifikia lazima nipite mbele ya lile benchi.

Barua nimeitoa mfukoni. Imelowa jasho, lakini inasomeka.

Dakika ya nne. Uso nimeshanawa mara mbili.