Nyekundu Kama Karkade

Jumatatu, 2 Machi

Mikate yote imefika madukani Hai Jalaba. Mimi ndiye nusura nisifike nyumbani. Nilipopita soko la Konyo Konyo mshale wa joto wa gari ulipanda ukagusa alama nyekundu. Nikawasha hita. Mchana wa Machi, hapa Juba, na hita imewashwa. Joto la injini likanipuliza miguuni, mshale ukashuka kidogo. Nimeendesha hivyo mpaka nyumbani Lemon Gaba, madirisha wazi, jasho likiniingia machoni.

Naogopa. Siku moja litanizimia giza likiingia, mahali pasipo na nyumba. Taban yuko Bor kikazi. Mume wa kwenye simu hasukumi gari.

Jumanne, 3 Machi

Wani amekuja, mdogo wake Taban. Alikulia Arua, ng'ambo ya mpaka, Kiswahili chake ni cha kule. Amefungua boneti, akachungulia, akacheka.

"Shemeji, hii rejeta imekunywa maji ya tanki mpaka imechoka. Tunamwaga yote, tunaosha, tunaweka kulanti, dawa ya kupoza injini. Hapa hapa nyumbani. Mimi iko najua hii kazi."

Nilitaka gereji. Wani amekataa, anasema gereji wataniharibia kingine. Sina nguvu ya kubishana. Kesho sipeleki mikate.

Mama ametusikiliza kutoka kwenye kiti chake, amefumba macho. Ni mama yake Taban, tunaishi naye. Ni Kwaresma, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani. Hufungua alasiri, kwa kikombe cha karkade, maua mekundu anayoyaloweka na kuyachuja chupani mwenyewe, sukari vijiko vingi. Macho yake yamefifia lakini jikoni hataki mkono wa mtu.

Jumatano, 4 Machi

Imeisha. Mikono yangu inanuka kutu.

Tuliacha injini ipoe usiku kucha. Hata hivyo Wani aliposhika kifuniko cha rejeta nilirudi nyuma mpaka ukutani. Nakumbuka jirani yetu kule Kitale, Kenya, nilikosomea, alivyofungua cha lori likiwa bado la moto. Mvuke ulimbabua ngozi ya uso. Cha leo kilifunguka kimya, bila mvuke. Wani akanitazama nilivyojibanza, akacheka tena.

Akaingia chini ya gari, akalegeza koki. Maji yaliyotoka yalikuwa kahawia, mazito, kama uji wa wimbi uliolala. Nikakinga beseni. Kuku wakaja mbio, nikawafukuza, maana Wani alisema hayo maji yana kulanti ya zamani, ni sumu na yana utamu, mnyama huyapenda. Tumechimba shimo mbali, nje ya ua, tukayafukia. Kisha tukatia maji safi, tukawasha injini na hita, tukazima, tukangoja ipoe, tukamwaga. Tena. Na tena, mpaka yakatoka meupe.

Mwisho kulanti. Nyekundu. Mwenye duka la vipuri alimpimia Wani kutoka kwenye dumu kubwa, akamtilia kwenye chupa za maji ya kunywa. Wani alimimina polepole huku akibinya bomba la mpira la juu ili hewa itoke. Mapovu yalichukua muda. Nilishika tochi. Tukawasha injini, mshale ulipofika katikati ukakaa hapo hapo.

Chupa moja imebaki nusu. Ni ya kuongezea kesho injini ikishapoa. Wani ameiweka dirishani jikoni, upande wa kivuli, isipigwe na jua.

Alhamisi, 5 Machi

Naandika kwenye benchi la hospitali.

Nilirudi kutoka Hai Jalaba nikiwa na furaha. Gari halikupanda joto hata kidogo. Nikamkuta Mama amekaa chini, mlangoni mwa jikoni, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Hakai chini kamwe. Alikuwa anacheka. Ulimi mzito. Nikadhani ni njaa, au jua. Nikamwinua, miguu ikapishana kama ya mlevi. Kisha akatapika kwenye kanga yangu.

Matapishi yalikuwa mekundu.

Kikombe chake kilikuwa mezani, bakuli la sukari wazi. Chupa iko dirishani, imepungua. Karkade yake halisi ilikuwa kwenye sufuria, haijaguswa.

Nilipiga kelele, Wani akatoka mbio nyumba ya pili. Alipoona chupa aliinyakua akanitia mkononi. Tulimbeba Mama mpaka garini. Nimeendesha mimi. Sikumbuki njia niliyopita.

Daktari ni kijana wa Eldoret. Alimwinamia Mama, akamnusa mdomo.

"Amekunywa pombe?"

"Mama huyu hajawahi," nikasema. Nikampa chupa. "Alidhani ni karkade. Ni kulanti ya gari."

Uso wake ukabadilika. Akaniuliza kiasi gani, na lini. Kikombe kimoja au pungufu, kilichotiwa maji. Alasiri hii hii, alipofungua. Akasema nimewahi. Akasema pia kuwahi si kupona. Ile sumu ikikaa mwilini hugeuka, kisha hushambulia figo. Dawa yake hasa hospitali haina. Lakini pombe kali huizuia isigeuke, hadi mwili uitoe kwa mkojo.

"Tafuteni waragi," akasema. "Ya kiwandani, chupa iliyofungwa. Ile pombe ya mtaani, siko, msilete."

Wani amerukia boda boda.

Alhamisi, jioni

Mama amekataa.

Baba yake Taban alikufa kwa siko. Siku ya mazishi Mama aliapa pombe haitapita kooni mwake. Hata divai ya kanisani huigusa kwa midomo tu. Kila mtu wa kanisa lake anajua. Na ni Kwaresma.

Daktari alimweleza kwa upole, mimi nikatafsiri kwa Kiarabu cha Juba. Mama akageukia ukuta. Wani alipiga magoti kando ya kitanda, analia wazi wazi. Mama hakugeuka.

Hapo hofu yangu ikageuka hasira. Nikamshika bega kwa nguvu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mama mkwe.

"Mama, kunywa. Dhambi hiyo niandikiwe mimi."

Akanitazama na yale macho yake yenye ukungu.

"Dhambi haiandikwi kwa jina la mtu mwingine," akasema. Ulimi bado mzito, lakini akili ilikuwepo. Akanyoosha mkono. "Lete."

Daktari alikuwa ameichanganya waragi na juisi ya embe. Mama aliimeza kama anayemeza miiba. Kisha akaomba maji asukutue.

Atapewa tena, na tena, hadi kesho na pengine kesho kutwa.

Ijumaa, 6 Machi

Nimempigia Taban. Niliogopa sauti yake kuliko yale matapishi mekundu. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Wewe ulimpa nini?"

Nilimwambia hakupewa, alijimiminia. Nikasikia upepo wa Bor kwenye simu. Akasema atatafuta gari la kumleta.

Hilo swali limenikaa kifuani. Mama akifa, ndivyo watakavyouliza wote. Nitakuwa mke aliyetokea Kenya akamnywesha mama mkwe sumu. Hakuna atakayetaka kusikia habari za rejeta.

Mama amelewa na anaendelea kuleweshwa. Anaimba nyimbo za kanisa, anakosea beti. Anamwita marehemu mume wake, anamgombeza. Wauguzi wanacheka kidogo, kisha wananiona wanaacha. Mfuko wa mkojo umejaa kidogo tu.

Jumamosi, 7 Machi

Mkojo karibu hakuna. Analalamika mgongo, huku na huku chini ya mbavu. Anapumua haraka. Daktari anasema figo zimeguswa. Zikikataa kabisa itabidi Kampala, kwenye mashine ya kusafisha damu. Yaani barabara ya Nimule, na yeye katika hali hii. Sijui kama angefika mpakani.

Sijala tangu jana.

Akina mama wa kanisani wamekuja kuomba, na sare zao nyeupe. Nilijua wataisikia harufu. Waliisikia. Nikaona wanavyotazamana. Nikafungua mdomo nieleze.

Mama ndiye aliyesema. Akafumbua macho, akawaambia, "Ana sukran." Nimelewa. "Na Rabuna, Mola wetu, anajua kwa nini. Ombeni, msikodoe macho."

Wakaomba. Mmoja wao, mwenyekiti wao, mwanamke mkali ninayemwogopa, alipomaliza alichukua kikombe cha waragi kutoka mkononi mwangu akamnywesha Mama yeye mwenyewe. Akampangusa kidevu kwa ncha ya sare yake.

Nimelia kwa mara ya kwanza.

Jumapili, 8 Machi

Bado mkojo hakuna. Wani hataki kula. Anakaa sakafuni, mgongo ukutani, anasema tu, "Mimi iko niliweka pale. Mimi." Aliweka yeye, nami niliiona ikiwa pale, na hakuna kati yetu aliyemwambia Mama. Nimemwambia hivyo. Haikumsaidia.

Taban amefika mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Nilisimama. Nilitarajia chochote. Alinipita akaenda kwa mama yake, akamshika mguu juu ya shuka. Baadaye akaja akakaa nami kwenye benchi. Bega lake liligusa langu, hakulitoa.

Jumatatu, 9 Machi

Muuguzi ameinua mfuko, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. Nikafikiri ni damu. Ni mkojo. Mwingi kuliko jana na juzi ukijumlisha.

Daktari amesema tusishangilie bado. Waragi imesimamishwa.

Sishangilii.

Jumanne, 10 Machi

Mwingi tena. Mgongo umeachia. Mama amejua leo ni siku gani, amejua mimi ni nani, na kichwa kinamuuma vibaya sana. Daktari anasema hiyo ni hangova. Taban alimtafsiria. Mama alifikiri kidogo, akasema sasa anaelewa kwa nini marehemu alikuwa mkali asubuhi.

Jumamosi, 14 Machi

Nyumbani. Figo hazijapona zote, tutakuwa tunarudi kupimwa. Pengine hazitapona zote. Daktari hakuahidi.

Taban amerudi Bor alfajiri. Ua umetulia. Mama alitaka jua, nikamtolea kiti, nikampa uji wa dura, mtama wa huku. Ameula nusu. Nilimkata kucha za miguu, amenipa mguu mmoja baada ya mwingine bila neno, kisha akasinzia mdomo wazi.

Nilisogeza kiganja karibu na pua yake. Pumzi ilikuwa ya moto, ya kawaida. Nilikiacha hapo kwa muda.

Jua liliposogea nilihamisha kiti changu upande wa pili, nimkinge uso. Uji uliobaki nikaula mimi. Ulikuwa umeshapoa.