Mwali Kwenye Runinga ya Mkwe

Jumapili, Cheyo. Jua limekaa juu ya bati tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga, nami nimekaa chini yake na hasira ambayo bado haijapoa.

Simu ni yangu. Nianzie hapo.

Ni zawadi, kweli. Aliniletea mkwe wangu, Baba Nasra, mume wa binti yangu Zuhura, baada ya ile yangu ya vitufe kutumbukia kwenye sufuria ya maharage. Alinikabidhi kwa mikono miwili, macho ameyainamisha, maana kwao Igunga mtu hamkodolei macho mama mkwe wake. Nami namheshimu vivyo hivyo. Tunasalimiana, tunaulizana habari za mvua, basi. Simu ilikuja imewashwa, ina kila kitu. Nikadhani ndivyo zinavyozaliwa.

Kumbe aliifungua kwa akaunti yake mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya. Huku kwetu ni nani hajafunguliwa simu na mtoto, mpwa au muuza duka? Unaichukua unashukuru, humo ndani unaishi kama mpangaji, na mwenye nyumba humjui.

Shajara, unaijua kazi yangu. Mimi ni kungwi, nawafunda mabinti kabla ya ndoa, nao huniita Somo. Ya chumbani kwa mwali ni amana, hayatoki. Ndiyo maana mlangoni naweka kikapu, na kila mwanamke anayeingia anatumbukiza simu yake humo. Juma lililopita shangazi wa mwali alijaribu kuniponyoka na yake. Nikamuuliza mbele ya watu, "Shangazi, hicho kinachowaka kifuani ni moyo?" Akaitoa, watu wakacheka, nikajiona askari.

Simu moja tu haikuingia kikapuni siku ile.

Nilikuwa na sababu. Mwali alikuwa Rukia, binti wa jirani yangu, na mama yake alikuwa amekwama Nzega akimuuguza kaka yake. Alinipigia akilia: "Nipigie picha hata moja, nimwone mwanangu akisingwa." Ungekataa? Nikampiga picha Rukia amepakwa liwa mabegani, kanga kaifunga kifuani, anacheka. Nikamtumia mama yake, yeye peke yake, kisha nikafuta mazungumzo. Mjanja mimi.

Jana nikaenda Gongoni kwa Zuhura. Wamenunua runinga mpya, pana kama mlango, ile ya intaneti. Tulikuwa tunachambua mchele, hakuna anayeitazama, na yenyewe ilipoona imesuswa ikaanza kuonyesha picha. Kikaja kinu. Nikasema, mbona kinu kile nakijua? Ukaja mguu wangu wa kushoto, siku ulipovimba nikaupiga picha nimwonyeshe daktari. Kwenye kioo kile ulikuwa mkubwa kuliko mjukuu wangu.

Zuhura akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Mama, mguu wako umekuwa mtu maarufu!"

Halafu akaja Rukia.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka kanga yangu ikiwa juu ya runinga, nami nimeishika pembe mbili kama mtu anayezuia mlango usivunjwe, na Baba Nasra anapiga hodi. Akaingia, akamkuta mama mkwe wake ameikumbatia runinga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mvua huko mjini?"

Hakuna wingu hata moja Tabora nzima. Akageuka, akatoka. Nadhani alikwenda kuitafuta hiyo mvua.

Zuhura akanieleza nilichopaswa kukijua zamani. Kila picha niliyopiga ilikuwa inapanda yenyewe kwenye akaunti ya mumewe, na runinga wameifungua kwa akaunti hiyo hiyo. Tukaifuta ya Rukia pale pale. Haikufutika, ikaingia pipani kwanza kusubiri. Tukalimwaga na pipa. Lakini nilitaka zaidi ya hapo, nilitaka simu yangu itoke kabisa kwa watu. Ikagoma. Ikataka uthibitisho wa mwenyewe, nambari inayotumwa kwa mwenyewe.

Mwenyewe si mimi.

Basi tukafanya hivi: mimi na Zuhura chumbani, mkwe wangu ukumbini, pazia katikati, ananisomea nambari kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Mimi na vidole vyangu vya kutwangia tunatafuta tarakimu. "Samahani, mama, hiyo imekwisha muda. Inakuja nyingine." Jasho lilinitoka kama ni mimi ninayesingwa.

Ilipokubali, ikabaki tupu. Kalenda yangu ya sala, niliyoilipia na ikaandikwa kabisa kwamba ni ya maisha, ikabaki kule kule. Nikawaandikia wauzaji kwa simu ya Zuhura. Wakajibu upesi, kwa adabu ya mashine: ununuzi ni wa akaunti, hauhamishiki, na hata hivyo sikununua kalenda, nilinunua ruhusa ya kuitumia.

Ruhusa!

Kinu changu nina miaka nacho. Aliyekichonga hajapata kuja kuniuliza natwanga nini, wala hajakifuata kilipohama nami nyumba tatu. Nikitaka nampa Zuhura, nikitaka nakigeuza kiti. Hicho ndicho ninachokiita kununua. Kalenda yao na wabaki nayo, waswalie.

Nikafungua akaunti yangu, ya kwanza maishani. Zuhura alitaka kunishikia simu, nikamwambia akae mbali. Tochi ikaomba kuyajua majina ya ndugu zangu. Tochi! Nikaikatalia, na bado inawaka. Saa ya kuniamsha ikaomba kusikiliza. Nikaikatalia pia, mimi nakoroma faraghani. Nywila hajaijua mtu. Asubuhi hii nami sikuijua kwa muda fulani, lakini angalau nimeisahau mwenyewe.

Wakati naondoka Zuhura alinifuata mlangoni. "Baba Nasra anauliza, mguu umepona?" Maana yake, kama ninaelewa lugha ya wakwe, ni kwamba aliuona mguu na hakuona kingine. Nikaamua kuuamini mguu.

Lakini kuamini kwangu si sitara ya Rukia.

Ningeweza kunyamaza, shajara. Picha imekufa, runinga imefunikwa, nani angejua? Usiku kucha nilijifundisha kunyamaza, na kulipokucha nikajifunga kanga nikaenda kwa Rukia. Yuko fungate, na kungwi haulizwi mlangoni. Nilimkuta na sahani ya halwa. Nikamweleza yote, hata mguu, hata pazia.

Akaiweka sahani chini. "Nani kaniona?"

"Mimi na Zuhura. Mkwe wangu naamini hakuona. Siwezi kukuapia."

Akaniangalia, hina bado haijafifia mikononi, kwa uso wa mtu mzima ambao mimi ndiye niliyemfunda kuuvaa.

"Somo, si wewe uliyemkagua shangazi yangu kifuani?"

"Ni mimi."

"Basi mwali ajaye, simu yako itangulie."

Hakucheka. Nilistahili. Nikaomba radhi, akaitikia kwa kichwa, nikavaa ndala zangu. Nimeshafika kizingitini ndipo nikasikia nyuma yangu:

"Na mguu, Somo, umepona?"

Nimerudi nikichechemea kidogo kwa makusudi, ili nisilie barabarani.

Alhamisi nina mwali mwingine, kule Gongoni. Kikapu nimekikung'uta vumbi, kiko hapa mlangoni kinaningoja. Yangu itaingia ya kwanza kabisa, na za wenzangu wote zitakuwa juu yake. Na iombe ruhusa humo chini, tuone nani ataipa.